Kabla Dada Hajapaka Tena

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani
Jumanne asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

"Kaka, rangi ya nywele haijawahi kumuua mtu. Mambo ya vichwa vya wanawake tuachie wanawake wenyewe."

Ndivyo ulivyoniandikia, kwa mwandiko wako ule unaoegemea mbele kama mtu anayewahi kufunga mlango. Sentensi yako ya kwanza ni hoja ya mtu anayesema ngazi fulani ni salama kwa sababu hakuna aliyeanguka akafa kisha akarudi kulalamika. Nitaijibu. Na ya pili nitaijibu, ingawa hiyo ina ukweli ndani yake, nami huwa naogopa zaidi uongo uliochanganywa na ukweli. Lakini mama hakutulea kuingia nyumba ya mtu kwa ugomvi, kwa hiyo kwanza pokea salamu zangu.

Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Yale macho yako yanayowasha, uliyosema yanasumbuliwa na kiyoyozi cha ofisini, yamepata nafuu? Sisi huku tu wazima wa kusimama na kutembea. Goti langu linanung'unika kwenye ngazi. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema ukiona bahasha nene usishtuke, kwa kuwa mume wake hujibu hata risiti.

Ningekupigia simu, ila siku hizi unaikata nikifika tu kwenye neno "Dada". Barua haikatiki. Mwalimu mwenzangu anasafiri kesho kuja mji wako kwenye mkutano, na ameahidi kukukabidhi hii mkononi Alhamisi. Nimemwomba asikubali kuiweka mezani. Anakufahamu kidogo, akacheka. Mimi sikucheka.

Jambo lenyewe ni Dada Mkubwa.

Mwezi uliopita nilipanda kwake kumrudishia shemeji, mume wake, drili yake. Nikagonga. Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo, ndani giza, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

"Rudi kesho," Dada akasema.

"Drili nzito."

"Iweke hapo chini."

"Iibwe? Fungua, Dada."

Akafungua. Alikuwa amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi na kuvaa miwani ya jua. Nikamvua ile miwani kabla hajanizuia. Kitinda, nimeona nyuso nyingi zilizoumia, hata za wanafunzi wangu waliopigana, lakini uso kama ule sijawahi kuuona. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki ufa tu. Kope zilikuwa zimejaa maji. Paji la uso lilivimba likang'aa, na pale nywele zinapoanzia palikuwa na malengelenge madogo madogo yakitoa maji ya njano, yakikaukia kwenye mtandio hata ukagandana na ngozi.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Punguza mahakama, Wakili," akasema, kwa lile jina mnalonitania nalo.

"Basi hicho ni nini?"

"Nyuki," akajibu shemeji kutoka kwenye kochi. Alikuwa ameifungua redio kwa bisibisi na hakuinua macho.

"Nyuki gani ghorofa ya nne?"

"Waliopotea," akasema shemeji.

Unamjua. Akiwa na hofu hutania, na akitania bila kukutazama usoni ujue hofu ni kubwa.

Nikausogeza mtandio polepole kwa maji ya uvuguvugu. Chini yake nywele zilikuwa nyeusi tii, laini, zinang'aa kama zimepigwa rangi ya viatu. Sijawahi kumwona Dada na nywele nzuri vile, hata siku ya harusi yake. Na yeye, kwa midomo iliyovimba, akaniambia neno ambalo linanitembelea mpaka leo: "Lakini imeshika."

Wewe unajua neno hilo limetoka wapi. Jikoni kwa mama: kile kiti cha plastiki, mswaki wa zamani, mafuta ya mgando kuzunguka masikio, taulo lililokwisha kutolewa sadaka. Mama anachovya, anapaka, anauliza, "Inawasha?" Ukisema inawasha anafurahi: "Basi inashika." Ukisema haiwashi ananuna na kusema wenye duka wamemuuzia majivu. Mimi nilikuwa nafanyia kazi za shule mezani na nilisikia yote. Sijapata kusoma wala kusikia habari za nyumba nyingine iliyochukua kilio cha ngozi ikakifanya kipimo cha ubora wa bidhaa. Ngozi ya Dada imelia miaka yote hii, naye akiipongeza.

Ni mara ya tatu kuvimba. Ya kwanza ilikuwa masikio tu, akasema ni hereni. Ya pili ilishuka mpaka kwenye mashavu, akachukua likizo akasema ana jino. Hii ya tatu ndiyo ya nyuki. Unauona mwendo wake? Inashuka, Kitinda. Kila mara inashuka.

Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi kwa nguvu, shemeji akimshika mkono mmoja na mimi mwingine kama tunampeleka kituo cha polisi. Daktari ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Akatazama, akaandika dawa, akaweka kalamu chini.

"Mama, hii rangi usiipake tena. Hata kidogo."

"Nitabadilisha aina," Dada akasema.

"Nyeusi zote zina kitu kile kile. Mwili wako umeshakijua na umeshakikataa. Ukikirudia, mwili unakuja na hasira zaidi."

"Hasira mpaka wapi?"

"Safari hii umevimba usoni. Ijayo siwezi kukuahidi kwamba koo halitavimba."

Dada akamshukuru kwa adabu zote. Tulipofika kwenye ngazi akaniambia yule daktari mwenyewe kichwa chake cheupe kama pamba, ndiyo maana anawaonea wivu wenzake. Huyo ndiye Dada yetu. Angeweza kubishana na moto uliomshika nguo.

Sasa nije kwenye ile nusu ya ukweli wako, kwamba haya ni mambo ya vichwa vya wanawake. Kweli, ni vichwa vyenu. Lakini je, nani anavitazama?

Nilikwenda hotelini kwake nikaone kwa macho yangu. Unaikumbuka ile kaunta ya mapokezi aliyoanza kufanyia kazi wewe ukiwa bado shule? Imebadilishwa. Wenye hoteli ni wapya na meneja ni mpya, kijana wa suti ya kubana. Ameweka taa nyeupe kali juu ya kaunta, zinazomulika utosi wa kila aliyekaa pale, na nyuma yao kioo kirefu kutoka ukuta hadi ukuta. Mgeni anayeandikishwa anawaona mbele na nyuma. Nami nikiwa nimesimama pale nilimwona meneja akipita nyuma ya wale kinadada, polepole, anatazama chini kwenye mistari ya nywele zao kama mtu anayekagua godoro lenye kunguni.

Aliponiona, akaja mbio. "Shikamoo mzee. Leteni kiti hapa."

Nikaletewa kiti. Mvi zangu hizi, ambazo zilinifanya niitwe mzee wa busara nikiwa bado sina uzee wala busara. Nikamuuliza kwa nini taa kali vile.

"Mapokezi ndiyo uso wa hoteli, mzee wangu. Mgeni anataka kuona uhai."

"Na mtu mwenye kichwa kama changu hana uhai?"

"Ah, wewe mzee ni hazina," akasema, akacheka, akageuka kwa Dada. "Huyu ni nani wako?"

Dada akanikazia jicho ambalo nalijua tangu nilipokuwa navaa kaptula. "Kaka yangu mkubwa," akasema.

Kaka yake mkubwa. Mimi, aliyenibeba mgongoni.

Nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu kunyamaza mbele ya mjinga. Nilinyamaza kwa sababu nilielewa kwa ghafla jinsi mlango ulivyofungwa. Alianza kupaka kabla mtu yeyote pale hajamwona na unywele mmoja mweupe, kama mama alivyotufundisha: anza kabla hawajaona. Kwa hiyo hawajui kwamba ana mvi. Wenzake wa kaunta wanamhesabu wa rika lao, wanamtania kuhusu wanaume, wanamwita shosti. Mtu aliyechelewa kuanza anaweza kuacha, watu wakasema ameamua kurudi kama alivyo. Aliyeanza mapema hana pa kurudi. Akiacha wiki chache tu, mstari mweupe utatokea utosini chini ya zile taa, na utakuwa kama hati ya mashtaka.

Huo ndio ubaya wa kanuni ya mama ambayo wewe unaitetea kwa bidii. Mlidhani mnaficha unywele. Mlikuwa mnajenga mtu mwingine, unywele kwa unywele, na sasa huyo mwingine ndiye mwenye kazi, ndiye mwenye marafiki, ndiye anayesalimiwa asubuhi. Dada hawezi kumuua yule bila kufa naye.

Na meneja hatanii. Pale kaunta alikuwapo mwanamke waliyemwita Mama Funguo, aliyejua kila chumba na kila mgeni wa kurudi. Yeye hakuwahi kupaka chochote. Meneja akamwambia kwa upole kwamba anastahili mahali pa kupumzika, akamhamishia kwenye chumba cha kufulia shuka. Baada ya muda kazi ya kufua ikapewa kampuni ya nje. Hakuna aliyemfukuza, unaelewa? Alisogezwa tu nyuma, kisha nyuma ikakatwa. Dada aliyaona yote hayo akiwa amesimama chini ya taa, na nyumba nzima inakula kwa mshahara wake tangu mgongo wa shemeji ulipomtoa kazini.

Kwa hiyo usiniambie siijui sababu yake. Naijua kuliko ninavyopenda. Nimesoma kwamba zamani vijana wa kasri za wafalme walijimwagia unga mweupe vichwani ili waonekane na heshima ya uzee. Weupe wa nywele haujawahi kuwa na kosa lolote lenyewe. Kosa hupangwa na mwenye kaunta. Ningemwandika yule kijana gazetini hata asitamani kutoka nje, na kalamu nilishaichukua. Dada akaniambia, "Ukiandika watajua ni mimi. Utanitoa kazini kwa mikono yako, halafu utashangiliwa." Nikaiweka kalamu chini.

Mpaka hapo nilikuwa na huzuni tu. Hofu ilianza Jumapili hii.

Niliwakuta jikoni Dada na mpwa wetu, binti yake. Binti amekaa kwenye kiti, kichwa ameinamisha, mama yake anamchambua nywele karibu na dirisha. Juu ya friji zilikuwa pakiti zako mbili za rangi, zile alizoleta rafiki yako. Moja umeandika kwa kalamu "Dada" na nyingine "Binti".

"Mjomba, njoo uamue," mpwa akasema bila kuinua kichwa. "Nimeota unywele mweupe mmoja. Mmoja tu. Mama anasema nikingoja nimechelewa."

"Umechelewa kwenda wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Mwulize."

"Mmoja unaita wenzake," Dada akasema. "Jumamosi nikitoka zamu tunapaka wote wawili, mama na binti. Jumatatu sisi wa mapokezi tunapigwa picha pale kaunta, picha za matangazo. Zitakaa ukutani miaka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, "Wote wawili? Na wewe tena?"

"Nimeshaijaribu, Wakili. Usianze."

Akasogeza nywele nyuma ya sikio la kulia ili anionyeshe jinsi mambo yalivyo salama. Kwenye pakiti imeandikwa ujaribu tone moja nyuma ya sikio na usubiri. Alilijaribu. Nyuma ya sikio lake pana duara la malengelenge, jekundu, bichi, na chini yake mshipa wa shingo umesimama. Na sauti yake, Kitinda. Nilikuwa nikiisikia tangu nimeingia na sikutambua ni nini. Imekuwa nzito, kama ya mtu anayeongea na kipande cha mkate mdomoni.

"Hilo ndilo jaribio lililofaulu?"

"Dogo. Safari iliyopita nilivimba uso mzima, sasa ni hapo tu. Na nitameza vidonge kabla."

"Vidonge gani?"

Akaendelea kuchambua nywele. Mpwa ndiye aliyejibu, akiwa bado ameinama, kwa sauti ya mtoto anayesema jambo ambalo nyumbani kila mtu analijua.

"Vya mzio, Mjomba. Mama mdogo ndiye aliyemwelekeza. Anasema yeye humeza viwili saa moja kabla ya kupaka, halafu kope hazivimbi sana."

Hazivimbi sana.

Nilikaa chini. Wifi yako anasema nilirudi nyumbani nikamwomba maji na sikuyanywa. Kwa hiyo na wewe. Hicho ndicho kiyoyozi chako cha ofisini. Miaka yote hii Dada anabandika picha zako kwenye mlango wa friji na kumwambia binti yake, "Mwangalie mama yako mdogo, nani atasema ana watoto wakubwa vile?" na kumbe wewe huko unameza vidonge kwa siri, unakaa mbele ya kioo, unasubiri kuona safari hii itaishia wapi. Halafu unaniandikia mimi kwamba haijawahi kumuua mtu. Ulikuwa unamwambia nani, Kitinda?

Nilimuuliza daktari kuhusu vidonge jana, nilimsubiri mlangoni kwake. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza iwapo inafaa kuzima king'ora ili moto usisikike. Alisema vidonge vinaficha ile alama ya mwanzo, mtu anaendelea kupaka mpaka mwisho akiamini yuko salama, na rangi ikishakaa kichwani hata ukiiosha mwili umeshaipokea. Aliniuliza pia kama binti naye amewahi kuwashwa. Nikasema hajaanza. Akasema, "Basi asianze na pakiti ya mama yake. Ngozi za nyumba moja hufanana."

Utauliza kwa nini sikuzichukua zile pakiti nikazitupa. Nilizichukua. Nilikuwa nazo mkononi mlangoni. Dada hakuinuka hata kwenye kiti. "Beba tu," akasema. "Duka liko chini hapo, na za hapo ni kali zaidi." Ni kweli. Nimezirudisha juu ya friji kwa mkono wangu, kwa sababu zako angalau zina maelezo. Tazama hali niliyofikishwa, mtu wa kubishana na wahariri, nachagua sumu iliyo na maandishi.

Nimejaribu kila hoja. Nilimwambia akate nywele zote, anyoe kipara, ni mtindo siku hizi. Akasema meneja atamuuliza kama anaumwa. Nilimwambia aombe ruhusa siku ya picha. Akasema asiyekuwepo kwenye picha hayupo. Shemeji amejaribu kwa njia yake, ameficha mswaki. Dada amenunua mwingine. Mimi si chochote kwake katika jambo hili. Ni mdogo wake mwenye maneno mengi na kichwa cheupe kinachompatia kiti. Kila nikisema, anaona kile kiti.

Mpwa alinisindikiza mpaka chini. Pale kwenye mlango wa nje akaniuliza kwa utaratibu, "Mjomba, sasa mimi nianze lini?" Hakuwa anatania tena. Nikamwambia aanze siku atakayotaka, nyekundu, bluu, rangi ya chungwa, mradi iwe ni siku ambayo anaweza kuacha kesho yake na asimwogope mtu yeyote. Akafikiri. Akasema, "Basi kazini kwangu siku hiyo haipo." Binti mdogo vile, na ameshajua. Lakini akaongeza kwamba mama yake akipaka, naye atapaka, kwa sababu hatamwacha akae kwenye kile kiti peke yake. Ni upendo huo. Ndio unaonitisha kuliko vyote.

Dada atamsikiliza mtu mmoja tu. Ni wewe, ambaye yeye alikukalisha jikoni ukiwa bado msichana, akakupaka kwa mara ya kwanza kwa mikono yake. Wewe ndiye ushahidi wake kwamba mambo haya huenda vizuri. Wewe ndiye picha ya kwenye friji. Mimi nikimwambia utakufa, anasikia mahakama. Wewe ukimwambia kope zako zimevimba, atasikia zile kope.

Najua ninachokuomba. Kumwambia ni kumwambia kwamba kile kitu mlichoshirikiana, mlichocheka nacho, kinawala wote wawili. Na ukishamwambia hivyo utakuwa huna budi kuacha na wewe, na huko kwako nako kuna kaunta, na kuna taa, na kuna mtu anayepita nyuma yenu. Sina uhakika wowote wa kukupa. Siwezi kukuahidi kwamba Dada atabaki na kazi. Nakuahidi nyumba yangu kwao, chumba kile cha vitabu tumeanza kukitoa vitabu, na wifi yako ndiye aliyeanza kubeba. Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwangu.

Nisalimie watoto, waambie mjomba wao anawakumbuka na kwamba yule mdogo aendelee kubishana na walimu, kwa adabu. Msalimie mama mkwe wako. Shemeji wa huku anakusalimu. Anasema redio bado haijapona. Mpwa wako anakusalimu, na amekataza nisikuambie kwamba ndiye aliyesema kuhusu vidonge, kwa hiyo hujasoma hapa. Mungu akuzungushie ulinzi wake, akupe pumzi nyepesi na usingizi mzuri, na atukutanishe tukiwa kamili kama tulivyoachana, asipungue mtu.

Sasa ninachokitaka. Wewe Kitinda, ukifika mwisho wa ukurasa huu usikae kupanga maneno mazuri. Mpigie Dada hiyo hiyo Alhamisi. Mwambie macho yako hayasumbuliwi na kiyoyozi. Mwambie vidonge havikukinga na ulimwelekeza vibaya. Mwambie amwondoe binti kwenye kile kiti. Pakiti iliyo bafuni kwako imwage chooni yeye akisikia maji. Na wewe shemeji, unayezisoma barua hizi begani kwake, usijifanye hukusoma: simama hapo mpaka Dada apokee, na asipopokea piga tena. Mimi msinijibu. Mpigieni yeye.

Kaka yako akupendaye hata unapomkatia simu,

Wakili